Ukuta au mikoko? Kabla ya kuchagua, pimeni kimo cha ardhi

Swali: "Habari mtaalamu. Mtaa wetu uko ukingoni mwa hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na ukingo wenyewe una urefu wa mita 380 hivi. Zamani palikuwa na mikoko, ikakatwa yote. Sasa maji yanakula ardhi, na njia ya miguu imeshachukuliwa mara mbili. Tumepanda mikoko mara mbili, miche 3,000 kila mara, na kabla ya mwaka kuisha karibu yote ilikuwa imekufa. Mhandisi mmoja ametushauri tujenge ukuta wa zege wa mita 2 kutoka mwanzo hadi mwisho. Wazee wanautaka ukuta, vijana wanasema tupande kwa mara ya tatu. Kati ya maji na nyumba za kwanza pana nafasi ya mita 25 kwa sehemu kubwa, ila upande mmoja, kama mita 100, imebaki mita 8 tu. Tungependa pia pawe mahali pa kukaa jioni, watoto wacheze, na wavuvi wapate pa kupandishia vyombo. Tena mvua kubwa ikinyesha, maji yote ya barabarani hushukia hapo. Tuanze na nini? Na ukuta una ubaya gani?"

Poleni kwa miche 6,000. Kwa jinsi mlivyoeleza, sidhani kama ilikufa kwa uzembe wa mtu, na ingekuwa vizuri wazee na vijana wasitishe ugomvi kwa muda, maana mnabishana juu ya jambo ambalo bado halijapimwa. Kinachoamua kila kitu hapo kwenu ni kimo: ardhi iko juu au chini kiasi gani ukiilinganisha na maji yanapojaa na yanapokupwa, na ina upana gani wa kuteremkia. Mita 380 zenu hazina jibu moja. Mita 280 zina jibu lake na zile mita 100 zina lake, na yote mawili yanaanza na kijiti cha kupimia.

Tuanze na miche. Wengi huamini kwamba mkoko ni mti wa majini, kwa hiyo ukipandwa kwenye maji mengi ndipo utastawi. Ukweli ni kwamba mkoko ni mti wa nchi kavu unaoweza kuvumilia chumvi na kufunikwa na maji kwa saa chache. Tope la hori halina hewa. Mizizi hupata hewa kupitia sehemu zilizochomoza juu ya tope, maji yakishapwa. Mti mkubwa una mizizi ya kupumulia iliyosimama kama magongo na mikuki. Mche wa miezi 3 hauna. Ukifunikwa kupita kiasi, huishi kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu yake mpaka ikaisha. Ndiyo sababu miche hupendeza miezi ya mwanzo, watu wakapiga picha, kisha baadaye ikaanza kukauka kuanzia nchani bila mtu kujua imekosewa wapi.

Mikoko ya asili huota takriban kuanzia usawa wa kati wa bahari kwenda juu, hadi pale maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanapokoma. Robin Lewis, Mmarekani aliyefanya kazi ya kurudisha misitu ya mikoko kwa miongo mingi, alisisitiza kipimo rahisi: ardhi inayofaa ni ile inayofunikwa na maji kwa asilimia 30 ya muda au pungufu. Chini ya hapo ni makazi ya kaa, chaza na majani ya bahari. Tope pana lililo wazi mbele ya mtaa linavutia kwa sababu halina mwenyewe na halina mti, lakini mara nyingi halina mti kwa sababu hauwezi kuishi pale. Ufilipino walipanda mikoko kwa wingi sana kwenye matope ya namna hiyo, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20 tu ya miche iliyoendelea kuishi kwa muda mrefu. Kwa hiyo hamko peke yenu.

Najua mtakachojibu: "Lakini mikoko ilikuwa hapo hapo!" Ilikuwa hapo, ila ardhi ya leo si ile. Mkoko ukikatwa, mizizi huoza, na tope lililokuwa limeshikiliwa na kuinuliwa na ile mizizi hushuka. Mawimbi nayo huanza kulichota. Baada ya miaka kadhaa sehemu ile ile inaweza kuwa imeshuka sentimita 20, 30 au zaidi, na tofauti hiyo inatosha kuihamisha kutoka kwenye ukanda wa miti hadi kwenye ukanda wa kaa.

Kupima hakuhitaji mashine. Tafuteni mikoko ya asili iliyo karibu, kwenye hori hilo hilo. Subirini siku ya bamvua isiyo na upepo. Maji yakishajaa na kutulia, kabla hayajaanza kupwa, uso wake uko sawa kwa umbali wa mita mia chache, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo levo yenu. Mtu mmoja asimame kwenye mikoko apime kina, na mwingine, dakika hiyo hiyo, apime kina pale mlipopanda. Tuseme kwa wa kwanza ni sentimita 90 na kwa wa pili ni sentimita 140. Shamba lenu liko chini kwa sentimita 50, na hakuna idadi ya miche itakayoziba pengo hilo. Chukueni vipimo 10 au zaidi kila upande, mviandike. Angalizo moja ambalo wengi hulisahau: msipimie kwenye mti mzee uliosimama peke yake mbele ya wenzake. Mti mzee unaweza kuendelea kuishi mahali ambapo ardhi imeshashuka na mche hauwezi tena kuota. Pimeni palipo na miche iliyoota yenyewe bila kupandwa.

Hata kimo kikiwa sawa, kuna kosa la aina ya mti. Watu hupanda mkoko wenyewe, yaani Rhizophora, kwa sababu mbegu yake ndefu huchomekwa kirahisi kama kalamu. Ila kwenye mstari wa mbele, unaopigwa na wimbi, miti inayotangulia kwa kawaida ni mlilana na mchu. Mkoko hufuata nyuma yao, na mkandaa hukaa juu zaidi, karibu na nchi kavu. Mbegu ya mlilana ni ndogo mno na inahitaji kitalu, kwa hiyo hupuuzwa. Kikosi cha nyuma kikisimamishwa mbele, huanguka.

Sasa, ikiwa shamba liko chini, mna njia mbili: kuhamia juu kwenye ardhi inayofaa, au kuiinua ardhi kwanza. Kuinua kwa kumwaga udongo ni gharama, na mara nyingi udongo huo huondoka na maji. Njia ya polepole ni uzio wa matawi: safu mbili za nguzo, nafasi kati ya safu nusu mita hivi, katikati mkashindilia vifurushi vya matawi vilivyofungwa kwa kamba imara. Uzio huo hupitisha maji lakini huyapunguzia kasi, na yakitulia hutua tope. Pwani ya Demak, kisiwani Java, njia hii imetumika kwa urefu mkubwa, na mafunzo yake mawili yanafaa kuyachukua. La kwanza, nguzo hutobolewa na yule kiumbe mfano wa mnyoo anayekula mbao za vyombo, na matawi husombwa na mawimbi, kwa hiyo bila timu ya ukarabati inayopita mara kwa mara uzio haumalizi kazi yake. La pili, ardhi ya huko inazama kwa sababu watu wanavuta maji mengi ya chini ya ardhi, na uzio hauwezi kushindana na ardhi inayozama. Vitazameni visima vya mtaa wenu kabla ya kuilaumu bahari.

Uzio pia haufai kama maji yenu hayana tope. Jaribio ni hili: siku yenye upepo, maji yanapoingia, jazeni chupa angavu, muiache usiku kucha. Asubuhi mkikuta utando wa tope unaoonekana wazi chini, hori linaleta udongo. Mkikuta maji meupe na punje chache za mchanga, msipoteze matawi yenu.

Tugeukie ukuta. Ukuta una mahali pake, na nitawaambia ni wapi. Wimbi likifika kwenye mteremko mrefu hupanda huku likichoka, mpaka likaisha. Likifika kwenye ukuta wima halina pa kuishia, linarudi. Linalorudi hukutana na linalokuja, maji yakaruka juu na kuchimba chini. Kanuni ya haraka ya wahandisi wa pwani ni kwamba shimo linalochimbwa mbele ya ukuta linaweza kufikia kina kinachokaribia kimo cha wimbi lenyewe. Mawimbi ya sentimita 80 yanaweza kufukua sentimita 80 za tope. Msingi uliozamishwa nusu mita utabaki unaning'inia.

Shida ya pili iko nyuma ya ukuta, na ndiyo inayoangusha kuta nyingi ambazo watu husema "zimeangushwa na bahari". Mvua imenyesha, udongo umelowa, kisha maji ya mbele yakapwa. Maji ya nyuma yako juu, ya mbele yako chini, na tofauti hiyo inasukuma. Tofauti ya mita 1 husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu ya karibu kilo 500. Tofauti ya mita 2 si kilo 1,000; ni karibu kilo 2,000, kwa sababu nguvu hukua kwa mraba. Ndiyo maana ukuta unahitaji matundu ya kutolea maji, na nyuma ya matundu kokoto na kitambaa cha kuchujia, kile ambacho wajenzi wa barabara hutandika chini ya kifusi. Matundu bila mchujo nayo ni hatari: maji hutoka na udongo, na siku moja ardhi nyuma ya ukuta inatumbukia chini ya miguu ya mtoto.

Shida ya tatu ni ya majirani. Pale ukuta unapoishia, wimbi huzunguka ncha yake na kula ardhi isiyo na ukuta kwa kasi kuliko awali. Mkijenga mita 380, mmiliki wa mita ya 381 atakuwa wa kwanza kuwalaumu, na atakuwa na haki. Na swali la kumwuliza mhandisi wenu: mita 2 hizo zinaanzia wapi? Juu ya tope? Juu ya maji ya bamvua? Msingi unaingia chini kiasi gani? Kama hana jibu lenye namba na alama ya kupimia, bado hajasanifu kitu, ametaja urefu tu.

Kwa zile mita 280 zenye nafasi ya mita 25, ningewashauri msiweke ukuta. Likateni genge, yaani ule ukingo uliosimama wima baada ya kuliwa na maji, ili liwe mteremko wa mita 1 kwenda juu kwa kila mita 6 hadi 10 za kwenda ndani. Mbele yake, kwenye tope, wekeni kizingiti cha mawe: tuta dogo lenye kilele kinachofika karibu na usawa wa maji ya kujaa ya kawaida. Kazi yake ni kuvunja wimbi kabla halijafika kwenye miche, na kutuliza maji upande wa ndani. Acheni mapengo kila mita 20 hadi 30, samaki wapite na maji yasituame, na mapengo hayo yapishanishwe ili wimbi lisipite moja kwa moja. Mawe yawe yenye kona, yanayoshikana. Mawe ya mviringo huviringika. Chini yake kitambaa cha kuchujia, la sivyo yatazama kidogo kidogo mpaka msiyaone tena.

Ukubwa wa mawe si wa kukisia. Kuna kanuni inayotumika sana iitwayo ya Hudson, na kinachotisha ndani yake ni kwamba uzito wa jiwe hukua kwa mchemraba wa kimo cha wimbi. Kwa mawimbi ya sentimita 60 na mteremko wa 1 kwa 2, jiwe la kawaida la machimbo linatakiwa liwe na kilo 35 hadi 40. Kwa mawimbi ya mita 1.2, mara mbili tu ya hayo, jiwe linatakiwa liwe na karibu kilo 300. La kwanza watu wawili wanalibeba. La pili linahitaji mashine. Kwa hiyo anayewaambia "leteni mawe" bila kuuliza mawimbi yenu yana kimo gani, msimlipe bado. Na ikiwa mawimbi yenu ni ya sentimita 20 au 30 tu, huenda hamhitaji mawe kabisa, na uzio wa matawi unatosha. Tahadhari nyingine: tembeeni juu ya tope mtakapoweka kizingiti. Mguu ukizama kupita goti, mawe yatazama pia, na hapo ni lazima mtaalamu wa udongo aje.

Nyuma ya kizingiti, kwenye kimo mlichopima, ndipo ukanda wa mikoko. Hapa niwe mkweli, kwa sababu mikoko husifiwa kwa kazi isiyo yake. Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kwamba mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea msongamano wa miti na kina cha maji. Ninyi mtapata mita 10 au 15. Ukanda huo utashika tope, utatuliza mawimbi ya kila siku na utarudisha samaki wadogo. Hautazuia bahari iliyopandishwa na tufani. Maji ya namna hiyo hupungua kwa sentimita 5 hadi 50 tu kwa kila kilomita nzima ya mikoko. Hata miradi mikubwa inakubali mpaka huu: Staten Island, New York, baada ya tufani Sandy ya mwaka 2012, yalijengwa matuta ya mawe baharini yaliyokamilika mwaka 2024, na wasanifu wake walisema wazi kwamba kazi ya matuta hayo ni kuvunja mawimbi na kupunguza mmomonyoko, si kuyazuia mafuriko. Kinga ya nyumba zenu dhidi ya maji yaliyopanda ni kimo cha sakafu, na tuta la udongo la upande wa juu.

Mikoko hiyo pia iachiwe nafasi ya kusogea juu. Kwa mujibu wa jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, usawa wa bahari duniani ulipanda sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kufikia 2100 unatarajiwa kupanda takriban sentimita 28 hadi mita 1 juu ya ulivyokuwa mwishoni mwa karne iliyopita, kutegemea hewa ukaa itakayotolewa. Kwenye mteremko wa 1 kwa 10, sentimita 30 za maji ni mita 3 za kwenda ndani. Mkiweka ukingo wa zege mara tu nyuma ya mikoko, mmeibana kati ya bahari na jiwe, nayo itazama hapo hapo ilipo.

Kwa zile mita 100 zenye upana wa mita 8, mambo ni tofauti, na hapa wazee wana hoja. Mteremko wa taratibu hautoshi. Mteremko wa mawe wa 1 kwa 2, kwa kupanda mita 2, unakula mita 4, na mnabaki na mita 4 za njia na mfereji. Huo bado ni bora kuliko ukuta wima, kwa sababu mapengo ya mawe humeza sehemu ya wimbi, na jiwe likisogea linarudishwa, wakati ukuta uliopasuka unabomolewa. Tabaka mbili za mawe, chini yake kokoto na kitambaa, na kidole cha chini, yaani mguu wa mteremko huo, kizikwe kufikia kina cha shimo nililolieleza. Ukuta wima ubaki kwa mahali ambapo hata hizo mita 4 hazipo. Ncha zote mbili za mawe zikunjwe kuingia nchi kavu mita 5 au zaidi, zisiishie ghafla.

Pa kupandishia vyombo pawekwe kwenye maungano ya sehemu hizo mbili, pasipoelekea wimbi la msimu wa upepo mkali. Mteremko wa 1 kwa 8, sakafu ya zege yenye michirizi ya kuzuia utelezi, upana mita 4. Kabla ya kuchora waulizeni wavuvi wanatoka maji yakiwa wapi. Mteremko unaokomea juu ya maji ya saa 10 alfajiri hautumiki na mtu, na vyombo vitaendelea kuburutwa juu ya miche yenu.

Maji ya barabarani yanastahili uzito sawa na ya bahari, na ninashuku kwamba sehemu ya genge lenu imeliwa kutoka juu. Mkiona mifereji midogo inayoshuka ukingoni, au mashimo yanayotoa maji katikati ya genge, hayo ni ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kama barabara na mapaa yanayowashukia ni mita za mraba 5,000, mvua ya milimita 50 inaleta karibu mita za ujazo 210 baada ya kutoa kinachonyonywa. Bonde jembamba la nyasi lenye upana wa mita 2.5 na kina cha sentimita 30, likipita urefu wote wa mita 280, kwenye karatasi linabeba kiasi hicho. Kwa kuwa kingo zake zitalala, hesabuni nusu yake, na nusu nyingine itafutiwe njia ya kutokea. Bonde lijikaushe ndani ya siku 2. Yai la mbu huhitaji wiki hivi kuwa mbu kamili, kwa hiyo mkikaa ndani ya muda huo hamfugi malaria.

Bomba la kutoa maji hayo liwe na kifuniko chenye bawaba kinachofunguka kwenda baharini na kujifunga maji yanapojaa. Bila hicho, siku ya bamvua hori litapanda kupitia bomba na kutokea barabarani. Kifuniko hukwama kwa chupa za plastiki. Wekeni chujio upande wa juu na mtu wa kulisafisha kabla ya kila bamvua. Mvua kubwa ikikutana na bamvua kifuniko kitafungwa kwa saa kadhaa, na hapo ndipo mtajua kama bonde lenu linatosha.

Mahali pa kukaa panatokana na hayo yote, hapajengwi pembeni yake. Ngazi ya chini, karibu na mikoko, iwe ya vitu visivyoogopa maji: mawe ya kukalia, nyasi za chumvi kama Paspalum, njia ya kokoto. Ngazi ya juu ndiyo ya taa, vibanda, vyoo na michezo ya watoto yenye vyuma. Bustani ya Yanweizhou mjini Jinhua, China, iliyofunguliwa mwaka 2014, ilifuata wazo hilo: badala ya ukuta wa mto, miteremko ya ngazi inayofunikwa na mafuriko kisha kurudi kutumika, na daraja la waenda kwa miguu juu ya usawa wa maji. Njia kuu iwe na mwinuko usiozidi 1 kwa 20 ili mwenye kiti cha magurudumu apite. Misumari na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Bati la zinki kwenye upepo wa chumvi halidumu.

Minazi na mivinje ikae mita 5 au zaidi kutoka ukingoni. Watu huipanda kwenye ukingo wakidhani mizizi itashika ardhi, lakini wimbi likichimba chini, shina refu likayumbishwa na upepo hung'oa kipande kizima cha genge. Nyasi za vetiva zina mizizi mirefu na ni nzuri kwa mteremko unaochimbwa na mvua. Mbele ya wimbi hazisimami.

Kuna dalili zinazotaka mhandisi afike mwenyewe, wala si kwa maandishi kama haya: nyufa ardhini zinazofuata mstari wa ukingo, genge lenye kimo cha zaidi ya mita 2, nyumba iliyo karibu na genge kuliko mara mbili ya kimo cha genge hilo, uchimbaji wa mchanga au mfereji wa meli uliochimbuliwa karibu, ukuta wa zamani ulioegemea, au udongo unaonuka mafuta. Nyufa hizo zikionekana, hamisheni watu kwanza, vipimo baadaye. Na kabla ya jiwe la kwanza nendeni kwa mamlaka ya mazingira na ya misitu: kazi kwenye ukanda wa maji kujaa na kupwa kwa kawaida hutaka kibali, na mikoko mara nyingi hulindwa na sheria hata pale mnapotaka kuisaidia.

Mwaka wa kwanza tumieni kupima. Pigeni nondo 20 za urefu wa mita 1, moja kila mita 20, mita 5 ndani ya ukingo, na kila mwezi siku ya bamvua mpime umbali kutoka nondo hadi genge. Picha zipigwe kutoka mahali pale pale. Kimo cha mawimbi kisomwe kwenye nguzo iliyochorwa sentimita, siku za upepo mkali zaidi. Mhandisi atakayepewa daftari hilo atafanya kwa wiki kazi ambayo angeifanya kwa miezi, na hataweza kuwatajia mita 2 za kubahatisha.

Vijana nao wasikae bure. Waandae kitalu, na mwaka huu wapande miche 50 tu: mistari 5 iliyopangwa sambamba na maji, kila mmoja sentimita 10 juu ya ule wa chini yake, miche 10 kila mstari, mitano ya mlilana au mchu na mitano ya mkoko. Mistari itakayokuwa hai baada ya miezi 12 ndiyo itakayowaambia mahali pa kupanda miche yenu 3,000 ya mara ya tatu, na huenda mkakuta baadhi ya mapengo yameshajazwa na mbegu zilizoletwa na maji yenyewe.